Bahari ya Sebuleni

Vidoa vile vyeupe Hajira aliviona asubuhi, alipokuwa akifungua mapazia. Vilikuwa vidogo mno, kama chembe za chumvi, naye akadhani ni uchafu wa kioo. Akafuta kioo kwa pindo la kanga. Vidoa vikakaa kidogo, kisha vikaogelea kwenda zao, maana havikuwa kwenye kioo hata kidogo. Vilikuwa mgongoni mwa samaki.

Akavuta kiti, akaketi atazame vizuri. Muda alikuwa nao. Katika nyumba ile ya vyumba saba, katikati ya mji wa Singida, muda ndicho kitu pekee ambacho mumewe Abdulmajidi alikuwa bado hajakipakia kwenye lori. Yule samaki mkubwa wa buluu, ambaye watu wa kwao Pangani humwita kangaja, alikuwa akijisugua kwenye jiwe, ubavu mmoja kisha wa pili, kama ng'ombe mwenye kupe. Wawili wa rangi ya chungwa walikuwa wamejibanza pembeni, wanahema haraka haraka. Waliobaki nao hawakuwa na raha.

“Mnaumwa?” akawauliza.

Aliwauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anavyomuuliza mtu. Hakuwa na mwingine wa kumuuliza. Mwanawe wa pekee, Ashrafu, alikuwa Mwanza kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Severina, mama wa kijiji cha Mwankoko aliyekuja kumsaidia kazi za nyumbani, aliondoka kila adhuhuri kuwahi shamba lake. Na Abdulmajidi alikuwa ameoa mke wa pili huko Kiomboi, binti mmoja aitwaye Hanifa, na tangu hapo alikuja Singida kama mkaguzi: anaangalia duka, anaangalia ghala, anauliza habari za nyumbani akiwa amesimama, na chai haijapoa ameshashika funguo. Hajira alikuwa mpweke. Hakuna haja ya kulizungusha neno hilo. Alikuwa mpweke hata akawa anajua mlango gani wa nyumba hulia upepo ukitoka upande gani.

Tangi lenyewe lilikuwa tunda la miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Kila aliyekuwa na lori enzi hizo alirudi na kitu ambacho jirani hakukijua: redio za kaseti, mitumba ya Ulaya, sabuni za kunukia. Abdulmajidi alipeleka alizeti na vitunguu Dar es Salaam, na safari moja akarudi na tangi la vioo alilonunua kwa Mzungu aliyekuwa anahama, pamoja na pampu yake ya hewa, kipimo chake cha chumvi, na kutoka kwa mvuvi mmoja, samaki sita wa baharini na kamba mmoja. Maji nayo yalitoka bahari ya Hindi, kwenye mapipa. Soko zima likacheka. Mtu anafuata maji ya chumvi Dar, na Singida imekaa katikati ya maziwa ya chumvi! Lakini sikukuu ya Idi waliocheka walijaa sebuleni na watoto wao, wakakaa chini kwenye mkeka, wakaiangalia ile bahari ya sebuleni mpaka wakasahau pilau.

Adhuhuri ile Hajira akatoka mpaka ghalani, akamkuta Antipasi, dereva wa lori, anafunga turubai.

“Unakwenda Kiomboi?”

“Sasa hivi, mama.”

“Mwambie mzee samaki wanaumwa.”

*

Abdulmajidi alifika kabla jua halijazama. Hajira alisikia breki za gari akaacha unga nusu kwenye ungo. Miezi miwili nyuma, alipolala na malaria ya kupanda kichwani, alikuwa amempelekea salamu kwa Antipasi huyu huyu, na jibu lililorudi lilikuwa kopo la glukosi na maneno kwamba mzee amebanwa. Sasa mzee ameingia ndani na viatu, hajavua hata kofia, anakwenda moja kwa moja kwenye tangi.

“Tangu lini?”

“Asalaam alaykum, Baba Ashrafu.”

“Waalaykum salaam. Tangu lini wana hivi?”

“Nimeviona leo asubuhi.”

Alichuchumaa akasogeza uso karibu na kioo. Alikuwa mtu mwenye mwili, na ule uso wake mkubwa ulipoingia kwenye mwanga wa tangi ulionekana wa mtoto. Hajira akajikuta anautazama uso badala ya samaki. Alikuwa ameusahau ulivyo ukitulia.

“Chumvi imepungua,” akasema Abdulmajidi. “Samaki wa baharini akikosa chumvi anaota ukoga. Ni jambo la wazi. Mapipa ya Dar yameisha?”

“Limebaki moja na nusu. Lakini mimi sioni kama chumvi imepungua. Maji yakipungua mimi naongeza maji ya pipa lile lile.”

“Unaona kwa macho? Chumvi inaonekana?” Akacheka peke yake. “Kesho Antipasi akachote Singidani. Mungu ametuwekea ziwa la chumvi mlangoni, sisi tunahangaika na bahari.”

Hajira alikuwa mtoto wa pwani. Alijua bahari ina ladha yake, na lile ziwa lilikuwa na ladha nyingine, ya magadi, ya kukwaruza ulimi. Maneno yalimfika mdomoni. Lakini Abdulmajidi alikuwa amevua viatu hatimaye, amekaa, ameomba chakula, na mtu hamfukuzi mgeni aliyemngoja muda mrefu namna ile. Akanyamaza, akaenda kuchinja kuku.

Maji ya ziwa yakatiwa asubuhi, ndoo baada ya ndoo, Abdulmajidi mwenyewe akisimamia na mikono kiunoni. Kisha akaondoka. Siku iliyofuata samaki watatu walikuwa wanaelea tumbo juu. Hajira akayatoa maji yale yote kwa bakuli na mpira, akawarudisha watatu waliobaki, yaani kangaja na wale wawili wa chungwa, pamoja na kamba, kwenye maji ya bahari ya yale mapipa ya mwisho. Kanga ilimlowa mpaka kifuani.

Jumatano Severina akaja na habari za sokoni. Alizitoa kwa kuumauma maneno, huku akisugua sufuria lililokuwa safi tayari.

“Wanasema mzee kalalamika barazani pale msikitini. Kwamba samaki wake wamekufa kwa kuwa wanalishwa ugali.”

“Kasema nani anawalisha ugali?”

“Mama Ashrafu, mimi sikuwepo.”

“Kasema nani, Severina?”

Severina akainamia sufuria. “Kasema, ‘Mke wangu mkubwa hajui kutunza kitu.’”

*

Nyumba ya simu ilijaa siku hiyo. Hajira alingoja kwenye benchi kati ya askari magereza na mwanamke mwenye kuku wawili kapuni, akiwa ameshika namba ya Mselemu, yule mtu wa Dar aliyewavulia Wazungu samaki wa mapambo na kumuuzia Abdulmajidi wale wa kwake. Hajira hakuwa amewahi kumpigia simu mwanamume asiye ndugu yake. Alipoitwa, mlango wa kibanda ulikuwa umeng'oka bawaba, haufungi, na laini ilikuwa na mkwaruzo wa kutisha.

“Nani? Sema kwa nguvu!”

“Mke wa Abdulmajidi wa Singida! Samaki wanaumwa!”

Benchi zima likageuka kumtazama.

“Wana nini?”

“Wana vidoa vyeupe! Wanajikuna kwenye mawe!”

“Upele huo, mama!” akasema mtu nyuma. “Wapake salfa!” Watu wakacheka, na hata karani wa simu akafunika mdomo kwa daftari. Hajira akasikia masikio yanamwaka moto. Akageuza uso kwenye ukuta, akaendelea kupiga kelele, kwa sababu ukinong'ona kwa Mselemu husikiki.

Mselemu aliuliza maswali kama daktari. Je, una kipimo cha kioo, kile kinachoelea? Kinasoma ngapi? Kikisoma ishirini na tano ndiyo bahari yenyewe. Basi chukua maji ya mvua, yatie kidogo kidogo, yashuke kwa siku mbili tatu mpaka kipimo kisome tisa.

“Nipunguze chumvi?”

“Punguza.”

“Hawa ni samaki wa baharini, kaka! Wamezaliwa na chumvi!”

“Samaki atavumilia, mama. Mdudu hatavumilia. Hivyo vidoa ni wadudu wadogo sana, wanaishi ndani ya ngozi, na maji yakiwa mepesi wanapasuka. Humo ndani kuna kingine chenye uhai?”

“Kuna kamba mmoja.”

“Mtoe, mweke kwenye beseni na maji yake ya zamani, huyo maji mepesi yatamuua. Na sikiliza. Ukiona vidoa vimekwisha usidanganyike. Mdudu akishiba anajiangusha chini, anazaa mchangani, wanawe wanapanda tena. Kaa na maji mepesi mwezi mzima. Halafu kurudisha chumvi ndiyo taratibu zaidi kuliko kuitoa. Ukimtia ghafla kwenye maji ya bahari amekufa mikononi mwako. Umenielewa?”

“Nimekuelewa.”

“Mwambie Abdulmajidi aniletee vitunguu.”

Hajira akapita mbele ya benchi bila kumtazama mtu. Yule askari magereza akamwambia pole, na alikuwa hamtanii. Pole hiyo ndiyo iliyomliza njiani.

*

Mvua za mwisho zilikuwa bado hazijakatika, na mapipa chini ya mabati yalijaa. Hajira alichota kwa kikombe. Anamimina kikombe, anasubiri, anatazama kipimo kinavyozama, anatazama kangaja anavyohema. Kila alipomimina moyo ulimwambia anawaua kwa mkono wake. Umeme ulipokatika alizungushia tangi mablanketi ili wasipigwe na baridi ya Singida, akakaa pale anachota maji na kuyarudisha kwa juu, kuwatilia hewa, mpaka mkono ukafa ganzi.

“Mama Ashrafu, ungekuwa na mjukuu ungemfanyia hivi,” akasema Severina.

“Mjukuu sijaletewa.”

Kipimo kiliposoma tisa, samaki walilala chini siku nzima, hawakugusa chakula. Kesho yake kangaja aliinuka. Alikuja mpaka kwenye kioo, mahali Hajira alipozoea kukaa, akasimama hapo akipepea mapezi, mgongo wake ukiwa na vidoa vichache tu. Hajira akapiga kigelegele cha chini chini, peke yake sebuleni. Aliona aibu kidogo halafu akapiga kingine.

Ijumaa, baada ya swala, Abdulmajidi akaja.

Hakuitwa. Alikuwa mjini kwa shughuli zake, akapita kuangalia. Akavua viatu, akakaa kwenye mkeka mbele ya tangi, Hajira naye akakaa, na kwa saa nzima mke na mume walitazama samaki. Alimweleza habari ya mdudu na mchanga na maji mepesi. Abdulmajidi akauliza hiki na kile. Akacheka alipoambiwa habari ya salfa. Akala wali na kuku, akamsifia mchuzi, akataja jina la mama yake Hajira, ambaye ni miaka hajamtaja.

“Kwa hiyo wamepona?” akauliza akisimama.

“Bado,” akasema Hajira. “Mdudu yuko mchangani.”

“Nitapita Ijumaa ijayo niwaone.”

Na akapita. Ijumaa ile nayo alisema bado, na ilikuwa kweli, Mselemu alisema mwezi. Ijumaa zikafuatana. Hajira akawa mtu wa wiki yenye siku moja. Alhamisi alisuka nywele, akachagua jogoo, akafukiza udi. Ijumaa alikaa mkekani bega lake likiwa karibu na bega la mumewe, wanatazama maji, wanazungumza. Halafu zikaja Jumamosi na nyinginezo ambazo hazikuwa na maana yoyote isipokuwa kuisogeza Alhamisi.

Mwezi ukatimia. Samaki walikuwa wazima kabisa, wanang'aa, wanagombania chakula, kangaja amenenepa. Ijumaa hiyo Hajira alishusha pazia nusu ili mwanga upungue.

“Vipi, wamepona?”

“Bado.”

“Mimi naona weupe umekwisha.”

“Weupe uko ndani, Baba Ashrafu.”

Ulikuwa uongo. Aliusema akiwa anamimina chai. Wiki iliyofuata akausema tena, na iliyofuata. Hakuwahi kumdanganya mumewe maisha yake yote, na alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Alijiambia hamdhuru mtu.

*

Lakini Abdulmajidi alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hasubiri mali isiyotoka ghalani. Ijumaa moja hakukaa mkekani. Alisimama katikati ya sebule akizungusha funguo kidoleni.

“Mama Ashrafu, nataka kujua moja. Ile gesti ninayoijenga Kiomboi naifungua mwezi huu. Fundi ameacha nafasi ukutani, pale mapokezi, ya kuweka tangi hili. Hakuna gesti yenye kitu hiki kutoka hapa mpaka Nzega. Sasa wagonjwa hawa siwezi kuwaweka mbele ya wageni. Kama hawaponi nimwambie Mselemu alete wengine, hawa uwatupie paka.”

Hajira alikuwa ameshika sahani ya wali. Akaiweka chini polepole. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa anakuja kuangalia mzigo wake kama umeiva. Kila Ijumaa aliyokaa pale mkekani alikuwa anapima nafasi ya ukutani Kiomboi.

“Wamepona,” akasema.

“Unasema?”

“Wamepona. Wamepona zamani.”

“Zamani lini?”

“Tangu ule mwezi ulipotimia. Hawana kitu.”

Abdulmajidi akatazama tangi, akamtazama mkewe. “Sasa kila nikiuliza unaniambia bado, bado. Kwa nini?”

Hajira akainuka, akamkabili. Aliona kwamba hapa ndipo mahali penyewe, kwamba hapatakuwa na pengine, na kwamba akijizungusha sasa atajizungusha mpaka kaburini.

“Ili uje,” akasema. “Nilitaka uje. Nyumba hii inanila, Baba Ashrafu. Nikisema wamepona ungeacha kuja.”

Alisubiri. Abdulmajidi akafungua mikono yote miwili, na uso wake ukafunguka, na kwa kitambo kidogo Hajira aliamini.

“Alhamdulillahi!” akasema Abdulmajidi. “Kumbe wamepona! Basi Jumanne Antipasi atakuja kuwachukua.”

*

Jumanne Antipasi alikuja na vijana wawili wa kubeba na mapipa manne ya maji ya bahari yaliyofika jana yake kutoka Dar. Maagizo ya mzee yalikuwa mafupi. Maji ya zamani yamwagwe yote. Kiomboi tangi litiwe maji mapya, samaki waingizwe, gesti ifunguliwe.

Hajira alisikiliza maagizo hayo akiwa amesimama mlangoni. Alijua maana yake, kwa kuwa chumvi alikuwa bado hajaanza kuirudisha. Wakitoka kwenye maji mepesi wakaingizwa kwenye bahari kamili hawatafika jioni. Na wala hakuhitaji kufanya lolote. Angekwenda tu jikoni.

Severina alilisoma hilo usoni kwake. Akamvuta pembeni. “Nyamaza, Mama Ashrafu. Wakifa, wamefia kwa mwenzio. Safari hii barazani atasemwa mwingine.”

Hajira aliingia jikoni kweli. Akasimama mbele ya jiko lisilo na moto. Alifikiria gesti mpya, wageni wamejaa, na samaki watatu tumbo juu mbele yao. Alifikiria yule binti asiyemfahamu akiambiwa hajui kutunza kitu. Picha hiyo ilikuwa tamu kwa muda, kisha haikuwa tamu tena. Sebuleni vijana walikuwa wanawakimbiza samaki kwa wavu, na kangaja, aliyezoea kuja kwenye kioo kile kila akimwona Hajira, alikuwa anaparamia kona ile ile tupu.

Akatoka. “Antipasi, njoo unisikilize. Hawa usiwatie kwenye maji mapya. Utawaweka kwanza kwenye maji haya haya ya kwao, kisha uongeze ya bahari kikombe kimoja, usubiri, uangalie kipimo. Itachukua siku nyingi. Rudia nilivyosema.”

“Kikombe cha maji haya, halafu… nachanganya na ya bahari yote.”

“Hapana. Rudia.”

Alirudia mara tatu, na kila mara samaki walikufa. Antipasi alikuwa dereva mzuri sana. Hajira akavaa baibui, akamkabidhi Severina funguo, akabeba ndoo yenye samaki kwa mikono yake mwenyewe, na yule kamba kwenye kopo, akapanda mbele ya lori. Kwenda kwa mke mwenzie, hakuitwa, hajatumiwa hata salamu, amekumbatia ndoo. Alijua watakavyosema mjini. Aliweka ndoo kati ya miguu, na njia nzima akawa anachota maji kwa kikombe na kuyamimina tena.

Walipopita Iguguno, palikuwa na nyumba mpya kando ya barabara, bati jipya, mlango wa rangi ya buluu. Mwanamke mmoja alitoka mbio ukumbini akiwapungia mkono, anacheka, mtoto yuko mgongoni. Antipasi, ambaye kwa kawaida hapiti Iguguno bila kusimama kuulizia alizeti, akakanyaga mafuta.

“Nani yule? Mbona anatujua?”

“Watu wa alizeti hao, mama,” akasema Antipasi. “Tumechelewa.”

*

Hanifa aliwapokea uani kwake Kiomboi. Alikuwa mdogo kuliko Hajira alivyofikiri, na mwembamba, na kucha zake zilikuwa na saruji.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Mimi ni Hajira.”

“Najua.” Alisimama akiipindapinda ncha ya mtandio. Macho yake yalikuwa yanapita juu ya bega la Hajira, kwenye lori, mlango wa dereva, mlango wa pili, nyuma ya turubai. “Mzee anashuka wapi?”

“Mzee? Si yuko hapa?”

“Hapa?” Hanifa akacheka kidogo, cheko la mtu asiyejua afanye nini na uso wake. “Dada, hapa anakuja Jumapili kuwalipa mafundi. Haketi. Nasimamia ujenzi huu peke yangu tangu mvua. Ameniambia yuko Singida kwako, samaki wanaumwa, ana kazi ya kuwauguza. Kila akija namuuliza, wamepona urudi nyumbani? Ananiambia bado.”

Hajira alikuwa bado ameishika ndoo. Akaitua chini.

“Kwangu anakuja Ijumaa,” akasema. “Saa moja. Akila anaondoka.”

Hanifa alikuwa anahesabu kimoyomoyo, midomo ikimchezacheza, na Hajira alimwacha ahesabu, maana yeye alikuwa amekwisha fika mwisho wa hesabu hiyo na hapakuwa mahali pa kumharakisha mtu kufika. Wote wawili wakageuka kumtazama Antipasi. Antipasi, aliyeijua kila nyumba ambayo lori lile limewahi kulala mbele yake, alikuwa amepiga magoti anachungulia tairi la nyuma.

“Iguguno kuna nani, Antipasi?” akauliza Hajira.

“Mama, mimi ni dereva tu,” akasema Antipasi kutoka chini ya lori.

Hanifa akaketi kwenye rundo la matofali. Hakulia. Aliinama akafunua ndoo, akawatazama wale samaki watatu waliokuwa wanazunguka humo, wazima, wanang'aa hata kwenye kivuli.

“Ndio hawa wagonjwa?”

“Ndio hawa.”

“Mbona wazuri.”

Kangaja akapanda juu, akatoa mdomo kwenye maji, akashuka. Gesti ilisimama mbele yao na madirisha yake matupu, na mle ndani, mapokezi, shimo la mraba ukutani lilikuwa linangoja tangi.

“Dada,” akasema Hanifa bila kuinua kichwa. “Utarudi na lori leo?”

Hajira aliifikiria nyumba ya vyumba saba, na Alhamisi, na Ijumaa. Akavua baibui, akalikunja, akaliweka juu ya matofali karibu na yule binti.

“Nitalala,” akasema. “Chumvi hairudishwi kwa siku moja. Nitafutie kikombe.”